Meneja Tuliyempigia Kura kwa Vifungo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri, na ninyi nyote mliofuatana naye. Na wewe mama uliyesimama mlangoni, pita mwanangu, benchi la nyuma lina nafasi. Sisi washonaji wa sare za shule tunakukaribisha kwa mikono miwili, na tungekuwa na wa tatu tungeutoa. Tumezima mashine ili tusikilizane. Ukiona miguu ya watu inacheza chini ya meza, usidhani ni utovu wa adabu. Ni mazoea ya kukanyaga. Maneno haya tumeyatunga wote wakati wa chai, wakanipa mimi babu wa pasi niyasome, basi nikikwama mtanivumilia.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, kiwanda hiki kimepita mikononi mwa wengi. Kwanza alikuwepo tajiri. Mlango wa nyuma aliufunga kwa mnyororo, eti tusiibe vitambaa. Moto ungezuka tungeiva humu wote. Kisha serikali ikamwondoa, tukaambiwa, "Kiwanda sasa ni chenu, mali ya umma." Tulicheza siku ile mpaka viatu vikakatika kamba. Kesho yake tukaja kazini, mnyororo upo palepale.

Meneja akaletwa kutoka juu. Akaondoka, akaletwa mwingine, na kila mmoja alikuja na kiti chake. Mmoja akatuamuru tushone makoti mazito ya watoto, na nje jua linachoma. Tukamwambia, "Bosi, joto hili!" Akajibu, "Mpango umesema makoti." Haya, tukashona makoti. Wakayala panya, na panya wa mwaka ule hakuna aliyelalamika baridi.

Mwishowe kikauzwa tena. Huyo aliyekinunua akakifunga, akaenda zake na funguo. Jengo likarudi serikalini, na sisi tukakaa getini mpaka tukachoka kukaa. Tukaingia, tukapangusa vumbi, tukaanza kushona. Hatukumwuliza mtu, na kwa hilo Mheshimiwa tutakusamehe ukikasirika kidogo.

UBISHI WETU

Usije ukadhani tulikuwa kitu kimoja. Kulikuwa na mkata vitambaa wetu, yule pale mwenye futi ya kupimia shingoni, na shemeji yake fundi mashine, tunayemwita Spana. Hao wawili chai yao hainyweki bila kubishana juu ya ujamaa.

"Ujamaa haukushindwa," anasema mkata vitambaa. "Ulishonwa bila mtu kupimwa. Nguo ikikubana unalaumu kitambaa?"

"Shemeji, miaka yote unaniuzia kitambaa kilekile," anasema Spana. "Nionyeshe shati!"

Ukaja uchaguzi mkuu. Mkata vitambaa akapanda juu ya meza yake ya kukatia akatuhutubia, tabaka la wafanyakazi hivi, mabepari vile, mpaka chai ikapoa. Kisha akaja mgombea mmoja, tajiri mwenye malori. Akakaa kwenye benchi letu akauliza, "Mama zangu, mashine hizi za kona zimenyamaza kwa nini?" Basi. Ukumbi karibu wote ukampa kura. Akashinda, na hatukumwona tena.

Mkata vitambaa nusura alie. "Mbuzi wamempigia kura mchinjaji!"

Aliyemjibu ni mkaguzi wetu wa nguo, Mama Kasoro. Tumempa jina hilo kwa sababu jicho lake likipita kwenye shati, uzi uliolegea unajisalimisha wenyewe.

"Mbuzi ni mkeo?" akamwambia. "Yule ametudanganya, sawa. Lakini kabla ya kutudanganya alituuliza. Wewe mwenzetu, tunakula sahani moja, umewahi kutuuliza nini?"

Kuanzia siku ile mkata vitambaa akawa anapita mashine hadi mashine, anauliza. Hata mimi aliniuliza kama mgongo unaniuma. Unaniuma, Mheshimiwa, lakini hayo tuyaache.

KURA YA VIFUNGO

Mwaka jana wakaja watu wa wizara yako. Wakasema, "Jengo mtapewa, ila meneja tutawaletea sisi." Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka.

"Tukubali," akasema Spana. "Meneja wa juu ana simu. Umeme ukikatika anampigia mkubwa mwenzake. Huyu shemeji yangu atampigia nani, mkasi?"

"Na akituletea makoti tena?" akauliza mkata vitambaa.

"Tutavaa!"

Tukaamua tupige kura, kila mtu na siri yake. Wako kati yetu wasiosoma, basi tukatumia vifungo. Unapewa cheupe na cheusi, unaingiza mkono kwenye mfuko wa kitambaa, unaachia unachokitaka, kingine unaondoka nacho. Cheupe, meneja tunamchagua wenyewe. Cheusi, aletwe.

Kazi ya kuhesabu tukampa Mama Kasoro, maana nani asiyeliamini jicho lile? Akamwaga vifungo mezani, akahesabu, mkono wake mbiombio. Akasema, "Nyeusi zimeshinda."

Mkata vitambaa akavua futi shingoni akaikunja taratibu kama mtu anayehama nyumba. Wenye nyeusi nao hawakupiga hata kofi.

Akaja mfagiaji na ufagio wake. Akainama chini ya meza ya Mama Kasoro, kwenye lile boksi la mabaki, akauliza, "Jamani, na hivi vyeupe nivitupe?"

Mama Kasoro akatazama, akajishika kichwa. Vifungo vyeupe tulivitoa kwenye boksi la zamani, vingi vilikuwa vimemeguka ukingo. Na yeye, kifungo kilichomeguka kikipita mbele yake, mkono unakitupa wenyewe. Ndivyo alivyofanya tangu ujana wake.

"Mama yangu mzazi!" akapiga kelele. "Nimetupa kura za watu! Ni mimi, jamani, msimtafute mwingine. Ni mkono wangu huu."

Mwenye nyeusi angeweza kunyamaza. Spana hakunyamaza. Alisimama, akasema, "Virudishwe mezani. Kifungo kikimeguka bado kinafunga shati. Na mimi sitaki kushinda kwa mabaki."

Vikarudishwa, tukahesabu mbele ya macho ya wote. Nyeupe zikashinda, tena kwa mbali! Mheshimiwa, kelele za siku ile hata wauza duka wa mtaa wa pili walidhani tumepata mtoto.

Tukaendelea papo hapo kumchagua meneja. Mkata vitambaa akamtaja Mama Kasoro. Mwenyewe akaruka: "Mimi? Baada ya niliyoyafanya?"

"Ndiyo maana," akasema mkata vitambaa. "Mameneja wote waliopita hapa, uliwahi kumsikia hata mmoja akisema 'ni mimi'?"

Spana akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

TULIYOYAPATA

Mnyororo wa mlango wa nyuma tumeukata, pita mwenyewe uone hewa inavyoingia. Choo cha kina mama kina mlango na komeo. Wenye watoto wachanga wana chumba, na bibi mmoja mstaafu anawaangalia. Mashine za kona zinalia tena, Spana kazifufua kwa vyuma vya baiskeli. Na watoto wa shule za jirani wanavaa sare zetu, magoti hayatoboki ovyo. Meneja wetu kwenye kiti cha ofisini haketi, anasema kinamlegeza. Kimewekwa kwenye chumba cha watoto, wanakizungusha.

YANAYOTUKWAZA NA TUNALOOMBA

Umeme unakatika, hilo unalijua, hata kwako unakatika. Kubwa ni jengo. Tumeijibu wizara yako kwamba jengo tunalitaka na meneja tunaye, lakini jibu hatukupata. Leo, na hili halimo kwenye karatasi, tumefurahi kuona umekuja na hati ya jengo mkononi. Kisha tukaona na bwana mmoja ameshuka kwenye gari la pili, amevaa tai, anaupima ukumbi kwa macho. Tumemsogezea soda, maana mgeni ni mgeni.

Mheshimiwa, hatukatai serikali. Ujamaa tunautaka, tena sisi ndio tuliouchezea ngoma wakati wengine wakiuchungulia dirishani. Tunachoomba ni kupimwa kabla ya kushonewa. Tupe hati peke yake, bila meneja wa kuletwa. Tukikosea, tutakosea wenyewe, tutasema wenyewe, na mwaka ukiisha tutapiga kura nyingine.

Na yule bwana wa tai asirudi kwa huzuni. Kama umeneja anautaka kweli, uchaguzi uko wazi kwa kila anayeshona hapa. Avue koti, mashine ya karibu na dirisha haina mtu.

Mungu akupe umri mrefu, Mheshimiwa, safari yako iwe nyepesi, na utuache na furaha kama ulivyotukuta.

Ni sisi,
Ushirika wa Washonaji wa Sare, pamoja na meneja wetu.