Aproni Kumi na Tatu za Wakuu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Daktari Mkuu wa hospitali yetu, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu wa karakana ya miguu ya bandia, nawe mke wangu uliyeketi karibu na mlango kana kwamba unajua nitakachosema, habari za mchana.

Leo ni siku ya mwisho ya mwezi wa sita, na ndiyo siku yangu ya mwisho nikiwa mkuu wa karakana. Ni mwaka wa thelathini na sita tangu nitoke kwetu, na wa thelathini na tano tangu niingie karakana hii. Nilikuja na begi moja lililojaa vitabu, nikakuta kinachohitajika ni mtu wa kupiga randa. Nikajifunza kupiga randa.

Aliyesoma wasifu wangu amesema kwamba katika miaka yangu ya ukuu hapa hakuondoka hata fundi mmoja, ingawa mishahara yetu, kama alivyoiweka kwa adabu, si ya kujivunia. Mkapiga makofi. Nikainamisha kichwa, na huenda baadhi yenu mlidhani ni unyenyekevu. Ndugu zangu, ilikuwa aibu.

Waliokaa, walikaaje? Kila mwisho wa mwaka bodi iliponiambia nyongeza hakuna, nilitafuta cha kuwapa watu, nikapata vyeo. Fundi anayezungushia kigutu plasta ili apate umbo lake akawa Mkuu wa Plasta. Mshona mikanda akawa Mkuu wa Ngozi. Kila cheo kilikuja na aproni mpya, maneno yametariziwa kifuani kwa uzi wa manjano, na kazi ya kutarizi ilikuwa ya mke wangu. Hatukuishia hapo. Tuliwaita jamaa, tukapanga viti, nami nikahutubu. Mnajua nikishika maneno nilivyo.

Mwisho wake tukawa na aproni kumi na tatu na wakuu kumi na watatu, wa kuamrishwa hakuna. Siku moja lori lilileta magunia ya plasta, na mvua ikaanza kudondoka. Wakuu wote walisimama mlangoni wakitazamana. Nikamgeukia mfagiaji wetu, ambaye ni Mkuu wa Usafi. Akaniambia kwa upole, "Mzee, nipe wa chini yangu nimwamuru." Magunia tuliyabeba mimi na dereva.

Chekeni, hata mimi nilicheka. Lakini mtu aliyevishwa ukuu mbele ya mkewe, wanawe na mama mkwe wake, huku ukumbi mzima unapiga makofi, atapata wapi uso wa kuja kesho yake kuniambia kwamba nyumbani unga umekwisha? Hicho ndicho kipaji mnachokisifu. Bajeti ilikuwa na pengo, nami nikaliziba kwa haya ya watu.

Sikukisomea popote. Nilitendewa. Nilipofika hapa sijui mtu, mzee aliyenitangulia katika ukuu alinisogezea kigoda karibu na jiko la gundi akasema, "Keti, hapa ni kwenu." Alisema kwa moyo safi, Mungu amrehemu. Lakini mtu asiye na kwao akiambiwa hapa ni kwenu, ataanzaje kudai nyongeza? Nani humdai mama yake mshahara? Miaka mingi nilifanya kazi kwa neno lile, na nilipopewa funguo nikawa nalitoa kwa wengine kama sarafu, nami nikijua vizuri kwamba halinunui hata kibiriti.

Sasa nimtaje Mkuu wa Plasta. Yupo pale, safu ya tatu, na nina ruhusa yake. Asubuhi nilipomwomba alisema, "Sema, mzee, ila usinilize, nimepaka wanja." Wagonjwa wanaovaa miguu iliyoanzia mikononi mwake wanapanda ngazi. Hilo linatosha kumweleza.

Mwaka huu, mwezi wa pili, alikuja ofisini kwangu. Hakuomba pesa. Aliomba aruhusiwe kuingia saa moja kabla yetu na kutoka saa moja kabla yetu, ili ampeleke mama yake, ambaye haoni vizuri, kwenye matibabu kabla kliniki haijafungwa. Isingetugharimu kitu. Nilimwambia wakuu hawatoki mapema, watakuwa mfano mbaya kwa walio chini. Akaniuliza, "Walio chini ni akina nani, mzee?" Wiki iliyofuata nikamwongezea cheo.

Nyumbani nilimkabidhi mke wangu aproni atarizi. Akaikunja, akanirudishia. "Binti kakuomba saa," alisema, "wewe unampa uzi. Hii peleka kwa fundi cherehani." Nami nikapeleka, jamani. Hapo ndipo ninapoona aibu kuliko pote, kwamba niliambiwa, nikaelewa, kisha nikapeleka.

Mwezi uliopita hospitali ya upande wa pili wa mji ilimwita. Mshahara ni mzuri zaidi, na wamekubali saa zake. Mwenyekiti aliponiita alikuwa na hofu ya haki, kwa sababu bila yeye wagonjwa watasubiri. Akaniomba nimtangazie leo cheo cha Naibu Mkuu wa Karakana, mumewe na mama yake wakiwa wamekaa hapa, ili aone haya kuondoka. Simlaumu Mwenyekiti. Mbinu ameiokota kwangu.

Nilimweleza binti huyu mpango wote. Akasema, "Nikikataa mbele za watu, sina shukrani. Nikikubali, mama yangu atapelekwa na nani? Cheo hakimshiki mtu mkono."

Kwa hiyo leo sitangazi cheo. Binti yangu, mbele ya hawahawa ambao ningewatumia kukufunga, nasema huna deni nasi. Ukienda, nenda kichwa juu, na atakayekuita msaliti aje aniambie mimi. Mama, uliyemshika mwanao mkono, nakuomba radhi.

Mwenyekiti, jana ofisini kwako nilikwambia haya faraghani, kwa hiyo usidhani nakubana hadharani. Ubanaji huo nimeuacha. Bodi imenipa nafasi ya mshauri, siku mbili kwa wiki, kwa nusu ya mshahara wangu. Fungu hilo lipo tayari kwenye bajeti. Ligawieni mafundi, wapeni na saa walizoomba, kisha mwulizeni Mkuu wa Plasta kama angependa kubaki. Mwulizeni faragha, mlango umefungwa, mahali ambapo mtu anaweza kusema hapana. Umesema bodi itakaa. Naomba ikae kabla hajajibu kule, yaani kabla ya Jumatano.

Wengine mmeniuliza kama sasa nitarejea nilikotoka. Waliokuwa wakinijua kule wamekwisha, na mke wangu yuko hapa. Nawashukuru kwa kunivumilia hadi neno la mwisho. Ushauri siuchukui. Kwetu sitarudi, na karakana sitarudi.