Mkebe wa Rangi Nyeupe

Ndani ya Probox ya kutoka Kajiado kwenda Kitengela, Naisula aliuona mkebe wa rangi nyeupe mapajani mwa mzee aliyeketi kando yake, akamuuliza anaenda kupaka nini.

"Ploti zangu za kupangisha, kando ya mto," mzee Gakuru akasema. "Kuna kamati ilichora mstari mwekundu kwa ukuta, eti mafuriko yalifika hapo. Sasa mpangaji akija akiuona, anarudi alikotoka."

"Kwani ni uongo?"

"Si uongo. Lakini ukuta ni wangu, mami."

Brashi ya mstari ule aliishika Naisula mwenyewe, wiki moja baada ya kumtoa jirani na watoto wake kupitia kwa paa. Siku ya mafuriko hakuonekana mwenye ploti hata mmoja. "Mzee, mpangaji ako na haki ya kujua mahali analaza mtoto."

"Nitamwambia mvua ikianza."

"Kwa simu, ukiwa Kajiado?"

Dereva alicheka, kisha akakumbuka mzee alikuwa abiria wake wa kila wiki.

Gari lilisimama karibu na daraja. Gakuru akashuka na mkebe wake. Naisula alikuwa anashukia mbele, sokoni, lakini naye alishuka, akamfuata.