Chama cha Fedha ya Karafuu Chafunga Ghala Lake

Mheshimiwa Sheikh Nasser bin Ghanim, mwenyekiti wetu mpaka adhuhuri ya leo. Mabwana wenye maduka wa Mlandege. Ndugu zetu mliotoka Donge na Mkokotoni tangu alfajiri. Na bibi zetu mliokaa upande wa pazia: Assalaam alaykum.

Mimi Suud bin Msabah, katibu, nimepewa kazi ya kukiaga chama kilichoishi miezi minane. Kuna migomba yetu iliyoishi zaidi ya hapo. Hata hivyo, nani kati yenu hakupata kujiuliza swali lililotuzaa? Riali ile ile, asubuhi mbadilisha fedha anakupa pesa nyingi, alasiri anakupa chache, na riali yenyewe haikuumwa wala haikusafiri. Kisha mwaka jana zikaja noti za rupia. Sheikh Nasser akaniuliza barazani kwake, "Suud, karatasi hii nyuma yake mna nini?" Nikasema sijui, na kutojua kule kukaniwasha mpaka tukaunda chama.

Shabaha yetu mnaijua: serikali ikubali noti yenye karafuu kavu nyuma yake, pishi moja kwa noti moja, zimo ghalani, anayetaka aende akazione. Tuliandika barua tatu. Ya tatu ilijibiwa kwa mstari mmoja. Basi tukasema tuwaoneshe kwa vitendo, nanyi mkaleta karafuu pishi mia tatu na ishirini, mkapewa hati mia tatu na ishirini.

Mwezi wa nne tukapima ghala. Tukakuta pishi mia tatu na sitini. Mnakumbuka furaha ile? Sheikh Nasser alisimama hapa hapa akasema fedha ya haki ina baraka, huongezeka bila riba. Wazee walilia. Mimi pia nililia, na mimi ndiye niliyepima.

Aliyetushtua ni Bi Khamisa wa Donge. Alileta pishi nane, akarudisha hati nane, nikampimia pishi nane. Akatazama pakacha lake, akasema, "Bwana Suud, hili nlikuja nalo limejaa. Leo mbona zinacheza ndani?" Nikamjibu kwa ujuzi wote wa katibu kwamba karafuu hunywea. "Zangu nshazianika siku saba. Zinywee mara ngapi?" Sheikh akamwambia mbele za watu kwamba anatuchafulia chama. Akaondoka, na watu wa Donge wakamfuata, na hati zetu zikaanza kufungiwa vitumbua.

Lakini swali lake lilinikaa. Nikapanda punda mpaka Donge, nikamwomba anipimie karafuu nione. Akapima kama mama yake alivyompimia jirani: pishi ya tele, kichuguu juu mpaka zinamwagika. Kwao, kumpimia mtu pishi mfuto, isiyo na kichuguu, ni kumwambia usoni kuwa humwamini. Sisi wa mjini tunapitisha kijiti juu ya pishi na hakuna anayenuna. Ndugu zangu, mlipoleta mlijipimia wenyewe, kwa adabu yenu. Mlipochukua niliwapimia mimi, kwa kijiti changu. Pishi nane zenu za tele, kwa kijiti hicho, ni tisa. Ile tuliyoiita baraka ilikuwa heshima yenu, tumeifuta tukaiweka ghalani.

Sheikh Nasser, sikusemi kwa ubaya. Mji mzima ulizipokea zile noti, wewe peke yako ukauliza nyuma yake mna nini. Na nilipokuletea habari hii juzi ukaniambia, "Yaseme hadharani, na mimi niwe nimekaa mbele." Umekaa mbele. Wangapi wangekaa?

Je, fikra yetu ilikuwa mbovu? Wallahi sijui, na bado ningependa kujua. Ninalolijua ni kwamba Bi Khamisa alisema kweli, nami nilimkatalia, na kwa hilo nimeona haya kila siku tangu nirudi kutoka Donge. Bibi, nakuomba radhi mbele ya kadamnasi hii.

Kila mwenye hati leo atapimiwa tele, na waliokwisha kuchukua watakamilishiwa. Nawashukuru nyote kwa kutuamini, na asanteni kwa kunipa masikio yenu mpaka mwisho. Bi Khamisa, mlango wa ghala u wazi. Pishi yako ya tisa bado imo ndani. Ingia kwanza, ujipimie mwenyewe. Mimi nitashika gunia.