Mama Kijiko na Dawa Iliyomchukiza

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, tarehe 9 Februari 2024, marehemu aliamka kabla ya mumewe. Aliketi ukingoni mwa kitanda, kile kilichoinuliwa upande wa kichwa kwa matofali ili asidi ya tumbo isimpande usiku, akatikisa chupa ya dawa. Dawa nyeupe, nzito, imegandia kwenye mdomo wa chupa kama chokaa.

"Usinitazame," alisema.

"Sikutazami, mama," mumewe alijibu.

"Unatazama. Geukia ukutani."

Mumewe aligeuka. Alimsikia anameza, halafu anakohoa kama mtu aliyemeza nzi. Jioni ile marehemu alitapika damu, akapelekwa hospitali. Hakulala tena kwenye kitanda kile.

Alizaliwa mwaka 1953, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Mwezi haukuandikwa popote. Alisoma hadi darasa la nne, akatolewa shule ili amlee mdogo wake. Hakulalamika, ila alisema hesabu za kugawanya zilimpita hivi hivi.

Mwaka 1974 aliajiriwa kwenye kantini ya kiwanda cha sabuni. Alianza kwa kuosha masufuria, akapanda hadi kuwa mpishi mkuu. Mfukoni mwa aproni alikuwa na kijiko chake, na sufuria haikutoka jikoni kabla hajaonja. Ndipo akaitwa Mama Kijiko, hata kabla hajawa mama wa mtu.

Mumewe alikuwa mpakiaji wa makreti hapo hapo kiwandani. Siku moja msaidizi wa jikoni alitoa maharage bila kumngoja mpishi aonje. Mpakiaji akarudisha sahani, akasema yameungua. Wenzake wakamwambia, "Leo utakiona." Marehemu alitoka jikoni, akachota kwenye sahani ya mwanamume yule mbele ya watu wote, akaonja. Kisha akasema, "Kweli," akaenda kumwaga sufuria nzima. Siku hiyo watu walikula mkate mkavu, wakamlaani mpakiaji. Yeye na mpishi walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978.

Kiungulia kilimwandama kwa miaka, lakini mwaka 2006 kilizidi. Asidi ilipanda usiku hadi mdomoni, chungu, chachu, inanuka. Hospitalini, kamera iliyopitishwa kooni ilionyesha umio, ile njia ya chakula, umebabuka. Daktari alimpa vidonge vya kupunguza asidi, na ile dawa nyeupe, mara nne kwa siku. Kazi yake ni kupaka utando juu ya kidonda, ili asidi ikipanda isiguse nyama.

Ilimchukiza. Mumewe aliionja mara moja, akaitema dirishani. Marehemu aliimeza na kuisukuma papo hapo kwa kikombe cha chai ya moto. Chupa ziliisha, kidonda kiko pale pale. Muuguzi alipomuuliza anaimezaje, akamweleza. Muuguzi akacheka. "Mama, unapaka rangi, halafu unamwagia ukuta maji."

Akaacha chai. Sasa utando ukakaa, mpaka kwenye ulimi. Kila alichoonja kikawa na ladha ya ukuta. Chumvi ilizidi leo, kesho haipo. Sahani zikaanza kurudi jikoni. Msimamizi wa kantini akamwambia, "Dada, acha dawa au acha kijiko."

Alifikiri juma zima. Ulimi ndio uliokuwa kazi yake, na bila dawa koo lingeoza. Mwishowe aliweka kijiko mezani, akarudi kuosha masufuria hadi alipostaafu mwaka 2008. Chakula cha mpishi mpya alikila amekunja uso. Lakini kidonda kilifunga.

Watu walichukiza kuliko dawa. Wapo waliosema anakunywa pombe kwa siri, eti pumzi yake imechacha. Mmoja alikaa nyumbani kwa marehemu amefunika pua kwa ncha ya nguo, na bado akala mpaka akafuta sahani. Yupo hapa leo, analia. Marehemu hakuonja pombe maisha yake yote, na asemaye vingine aseme sasa, kaburi halijafukiwa. Wifi yake naye alimletea maji ya majivu anywe, eti ndiyo dawa ya kiungulia. Yalimwagwa nyuma ya nyumba, na nyasi hapo hazijaota.

Mwaka jana kiungulia kilirudi, na dawa ikarudi. Aliinywa bila kukosa. Lakini penye kovu palikuwa pameota uvimbe, na uvimbe hauzuiliwi na utando. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 21 Februari 2024, mumewe amemshika mguu, kwa kuwa mikono ilikuwa na mipira ya dripu.

Ameacha mume, binti ambaye ni fundi cherehani, mwana ambaye ni dereva wa lori, wajukuu watano, na mdogo wake yule aliyemlea. Mungu amlaze pasipo na kiungulia.

Siku moja kabla ya kufa, daktari aliagiza dawa zote ziachwe. Mumewe alielewa maana yake. Marehemu naye alielewa, akaomba asafishwe kinywa, utando utoke. Muuguzi akamfuta ulimi kwa pamba mpaka ukawa mwekundu. Ilipoletwa supu ya wodi, mumewe alimdondoshea tone moja. Hakulimeza. Alilishika ulimini kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, kama alivyofanya jikoni. Uso ukakunjamana. Akasema, "Aliyepika hakuonja. Rudisha."