Benchi la Nje

Sogeeni, wanangu, maana kifua changu leo kimekuwa bahili, hakinipi pumzi ya kurudia neno mara mbili. Nibia, zima redio. Heber, moshi wako umenifikia kabla yako. Zima hicho kipande uingie, sikukuita nikugombeze.

Baa hii baba yenu Ruben aliniachia mimi, nami nawaachia nyinyi wawili, kaunta, jiko, meza za karata na kiwanja cha nyuma, wala msigawane kwa ukuta, damu nzito kuliko maji. Mimi sikuvuta hata sigara moja maishani, lakini nilisimama nyuma ya kaunta ile tangu ubibi harusi wangu, moshi wa wanaume ukiniingia mpaka kwenye nywele, na daktari aliponiambia nina kifua cha mvutaji nilicheka hadi nikakohoa. Ile meza ya dirishani ilikuwa ya watu wanne. Baba yenu alikwenda hajamaliza kuwalea, mwenzake Aparicio akazikwa kabla bintiye hajaolewa, wa tatu akafuata, na kila tukitoka makaburini waliobaki walikuwa wanarudi hapa kuwashiana sigara za kujifariji. Tulidhani wanaume ndivyo wafavyo.

Ndipo ikaja ile sheria, kwamba chini ya paa hapavutwi, pakiti zikabandikwa picha za mapafu yaliyooza, na kodi ikapanda. Mjomba wenu Washington, huyo wa nne, alipiga ngumi kaunta: "Dada Elbia, uza mishumaa basi, hapa pameshakuwa kanisa!" Nikatoa benchi nje. Mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio, ana karata za ushindi mkononi na kiu ya sigara imemkaba, akatazama mlango, akatazama karata, akasema, "Nikitoka, wezi hawa watazichungulia." Akakaa. Akashinda. Mchezo uliofuata akakaa tena, na mpaka leo mzee yule yuko hai anatuibia pointi, na maharage ya kuhesabia tunayaweka kwenye vile visahani vya majivu. Si mahubiri yaliyomwachisha, ni umbali wa mlango. Na vijana wanaojazana hapa siku za mvua kula torta frita, maandazi yetu ya mafuta, wengi wao hawana habari na sigara. Hakuna aliyewakanya, hawakuikuta tu mezani.

Sasa wewe, Heber. Nimesikia unataka kujenga kijichumba cha wavutaji huko nyuma, na kuficha chini ya kaunta pakiti za magendo kutoka mpakani Rivera, za bei ya kutupa, zisizo na picha. Nakuomba, mwanangu, usifanye. Anayesimama kaunta sasa ni dada yako. Usimrudishie moshi ulioniua mimi. Wala usiniapie, umeshaapa sana. Muungwana ni kitendo. Ufunguo wa mlango wa mbele nakupa wewe, naam, wewe mvutaji. Ukishikwa na kiu, toka, funga mlango nyuma yako, kaa na baridi. Ipo siku njia itakuchosha. Nawe Nibia, benchi usiling'oe, wala usiwacheke wanaokaa pale. Mazoea yana taabu, na wale ni watu wetu.

Nizikeni ubavuni mwa Ruben. Anayevuta asizuiwe kuja... makaburini hakuna paa.

Nipeni kibuyu cha yerba, majani yetu machungu ya chai. Si wewe, Nibia, leo animiminie Heber. Mnajua tunavyokunywa sisi, anayerudisha kibuyu kimya anataka tena, anayeshukuru ametosheka. Mungu awape... ngojeni nivute pumzi... awape uzee, wanangu. Mali mtatafuta. Awape uzee mrefu, wa kuchosha wajukuu, ule aliokosa baba yenu.

Mbona unalia? Mimina tu. Mkono wako unanuka moshi, si kitu, ni mkono wa mwanangu.

Chungu... chungu vizuri.

Ufunguo uko chini ya mto. Uchukue. Ehe, hivyo.

Haya, Heber, pokea kibuyu.

Asante.