Suzana Kasoki, Aliyemchora Wajina Wake Akisema

Mama yetu Suzana Kasoki alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1958, kwa wazazi waliouza nguo na chumvi. Padri aliyembatiza alimpa jina la yule mwanamke wa Kitabu cha Danieli, aliyesingiziwa uzinzi na wazee wawili kwa sababu aliwakatalia.

Alisomea ualimu kwa watawa, akamaliza mwaka 1977. Darasani mtawa mmoja aliwafungulia kitabu cha picha za kale. Wajina wake alikuwa amechorwa karne baada ya karne: mchoraji huyu kamvika lulu, yule kamvua hata shuka, ila karibu wote walimweka majini, wazee wakichungulia. Suzana alifunua kurasa zote, akauliza, "Mwalimu, hapa kote iko naoga tu. Wapi pale iko nasema?" Darasa lilicheka. Yeye hakucheka.

Tarehe 11 Agosti 1979 alifunga ndoa na Papa Floribert Ndayambaje, mkulima wa Nyabiondo. Alifundisha shule ya msingi, akalima maharagwe, na wakati wa likizo alichora kuta za makanisa na vibao vya maduka.

Vita vilipowafikia mwaka 2007, walikimbilia kambi ya wakimbizi ya Buleusa. Huko, Juni 2008, wakubwa wawili wa kambi walimtoa mbele ya watu mjane kijana, Vestine, wakidai alipelekea waasi habari. Wengi walijua kwamba alikuwa amewakatalia, lakini vijana wao wenye silaha walikuwa wamesimama pale, na vichwa vikainama. Mama Suzana alishika bega la mumewe. Kisha akawaambia wanaume waliokusanyika, "Ba Papa, tuulize kila mumoja pekee yake. Mulimuona wapi?" Wa kwanza alitaja mtoni. Wa pili, aliyekuwa amesogezwa kando asisikie, alitaja sokoni. Manung'uniko yakapanda, yakawa kelele. Vestine akaachiwa.

Mwaka uliofuata Mama Suzana alimchora wajina wake kwenye ukuta wa kanisa dogo la Buleusa: amevaa kitenge, amesimama katikati ya watu, kinywa wazi. Katekista akamsihi akifunge kinywa hicho kidogo, watu wasali vizuri.

"Papa Katekista, nikikifunga, atabakia mwanamuke wa kuoga tena."

Hakukifunga.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 2011, ukampunguzia macho. Alipolazwa Walikale, kila asubuhi alimwomba Papa Floribert amwelezee msitu ulioonekana dirishani.

"Majani iko rangi gani leo?"

"Kijani tu, Mama."

"Floribert, hakuna kijani tu. Angalia tena."

Naye mzee aliangalia tena, akamweleza jani kwa jani, hadi asubuhi ya tarehe 9 Februari 2013, alipogundua kwamba anaeleza peke yake.

Ameacha mume, watoto wake Aimée, Jules na Dancille, wajukuu, wanafunzi wengi, na Vestine, aliyetembea kwa miguu kutoka Buleusa kuja kumzika. Bwana amlaze pema, ampe amani ambayo hapa duniani aliionja kidogo tu.