Daktari Mbu, Mlinzi wa Mioyo ya Mbwa na Paka

Dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Daktari Mbu, alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Mama alisimulia kwamba hatua zake za kwanza alizipiga akimfuata paka.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1981 akahitimu udaktari wa mifugo. Baba alitumaini atatibu ng'ombe. Yeye akaenda kliniki ya manispaa, chumba chenye meza ya bati na hadubini, kutibu mbwa na paka.

"Umesoma kote huko ili ukashike mbwa mkia?"

"Mkia anaushika mwenye mbwa, baba. Mimi nasikiliza moyo."

Jina lake lilitokana na wimbo wake wa kila siku: mbu akimuuma mbwa mgonjwa, humpelekea mbwa mwingine vijidudu vinavyokua kuwa minyoo mirefu ndani ya moyo na mishipa ya mapafu. Wapimwe damu, kisha wapewe dawa ya kinga kila mwezi. Kwa paka alikuwa mwangalifu zaidi, maana kipimo huweza kusema hana kitu, kumbe kikohozi kinachofanana na pumu kimeletwa na mnyoo mmoja tu.

Mwaka 1984 fundi umeme mmoja alimleta mbwa wake, aliyemnywesha dawa ya kikohozi ya watoto.

"Ilimsaidia?"

"Aliipenda sana, daktari."

Damu ilionyesha minyoo. Dada alimdunga sindano za kuiua, akaonya kwamba minyoo iliyokufa hukatika vipande. Mbwa akikimbia, vipande vitaziba mapafu na atakufa. Lazima atulie kwa wiki kadhaa. Mbwa alitulia vizuri, ila akisikia hatua za bwana wake aliruka hadi dirishani.

"Basi hama," dada akasema.

"Nihame nyumba yangu mwenyewe?"

"Ukibaki, utamuua kwa furaha."

Fundi akahamia kwa kaka yake, mbwa akabaki na mama wa fundi. Kila jioni dada alipita kumsikiliza mbwa kifua, kisha akampelekea fundi habari. Habari zikazidi kurefuka. Mbwa alipona, dada na fundi wakaoana tarehe 14 Desemba 1985. Shemeji hujisifu kwamba mke alimfukuza nyumbani hata kabla hawajaoana.

Mwaka 2019 moyo wa dada mwenyewe ulianza kuchoka. Siku ya mwisho alihangaika kitandani, kwa sababu jirani alikuwa na mbwa anayekohoa ambaye hajapimwa.

"Pumzika, mke wangu. Nitamwambia mimi."

"Utamwambia nini? Sema nisikie."

Shemeji akaeleza yote: mbu, damu, dawa ya kila mwezi. Dada alimsahihisha mara moja tu, akafumba macho. Alifariki alasiri hiyo, tarehe 3 Juni 2023.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na sisi wadogo zake. Jana shemeji alitoka katikati ya waombolezaji, akamshika jirani mkono, wakampeleka mbwa kliniki pamoja. Minyoo imeonekana mapema, anatibika.

Lala salama, dada. Ujumbe umefika.